Mwenye Eda Visiwani

Richfield, Minnesota
24 Januari 2016

Wifi yangu Barke,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na lile goti lake limepungua maumivu. Sisi huku tu wazima wa kiwiliwili. Faiza ana mtihani wa hisabati wiki ijayo na hasomi. Baridi imefika pale ambapo mtu akitoka nje kamasi humgandia puani. Usicheke, ni kweli.

Naandika kwa karatasi kama Mama alivyotaka, na namwelewa. Simu ya nyumba hiyo ikilia huwekwa sauti ya juu, na kila apitaye barazani hutia neno lake. Barua angalau husomwa mpaka mwisho kabla mtu hajaingilia. Hii anakuja nayo Zadock, jirani yetu wa ghorofa ya chini, anayekwenda kwao na atapitia Mombasa. Nimempa pia vidonge vya Mama vya viungo na yale mafuta ya mikono uliyoagiza.

Umeuliza habari za mazishi ya Munir. Alifariki Jumamosi, tukamzika Jumapili baada ya adhuhuri. Ardhi ilikuwa haijaganda sana, mashine ikachimba bila taabu. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotazamia, Wakenya, Wasomali, na wale Wakongo aliokuwa akifanya nao kazi ghalani. Hao ni Wakristo, wakasimama nyuma wamevua kofia katika baridi ile mpaka dua ikaisha. Siku zake za mwisho kaka yako alitamani maji ya dafu. Huku dafu liko ndani ya kopo. Aliyanywa, akakunja uso, akasema Alhamdulillahi.

Unauliza eda yangu inakwendaje. Swali lako nimeliona, nakushukuru kwa kunifikiria.

Februari kuna siku chache sitapatikana kwa simu. Nitakuwa na kazi ya Bi Lois, yule bibi wa Saint Louis Park ninayemtunza. Msishtuke.

Mbusu Mama mikono. Mwambie nimeshakata tiketi, mimi na Faiza, tunakuja Juni shule zikifungwa. Nina hamu ya kulala chumba changu cha juu, hata kama mmekijaza magunia.

Akupendaye,
Saadia


Kibokoni, Mombasa
9 Machi 2016

Kwa Bi Saadia,

Salamu ni wajibu, kwa hiyo nakusalimu. Mama hajambo. Vidonge vilifika, goti limetulia, sasa analalamikia bega. Mwanangu wa mwisho ameposa na wamemkubalia. Joto ni lile lile la Machi.

Nije kwenye jambo. Jumatatu Faiza ametia picha kwenye kundi la simu la ukoo. Umevaa koti la rangi ya chungwa, la kuokolea watu baharini, umekaa ndani ya mashua na Wazungu. Meno yote nje, hata lile la dhahabu. Wanja umepaka. Nyuma yako kuna majabali meupe, na juu ya majabali yamelala madude meusi manono. Chini yake Faiza ameandika maneno ya Kiingereza. Mama aliposikia kila mtu amenyamaza ghafla akataka kujua kuna nini. Mwanangu, hana akili huyu, akamtafsiria: "Anasema, mama yangu anaishi maisha yake bora kabisa."

Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, halali nje ya nyumba yake, hajipambi, hajitii manukato. Hayo si mimi wa kukufundisha. Ulimwona Mama alivyokaa kwa ajili ya Baba, wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea uji chumbani. Munir hana miezi mitatu kaburini, nawe uko baharini unacheka. Uliniandikia kwamba ni kazi. Kazi gani ya koti la chungwa?

Majirani wamekuja kutupa pole mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya Munir, hii ya pili ni yako. Nimewapa kahawa.

Alasiri Mama akasema, nami naandika alivyotamka: "Nyumba hii ilimlea. Nyumba hii isimwone." Mwezi wa Juni usije. Faiza aje peke yake, yeye ni damu ya Munir na hana kosa.

Nisingependa iwe hivi. Wewe ulikuja nyumbani kwetu una miaka sita, baada ya kufiwa na wazazi wako. Tumelala kitanda kimoja kabla hujawa wifi yangu. Ikiwa una udhuru, useme. Ikiwa huna, pia sema, nijue namna ya kukutetea au kukunyamazia.

Barke


Richfield
30 Machi 2016

Wifi yangu Barke,

Wa alaykum salaam. Wajibu nimeupokea. Nafurahi goti limetulia, na bega nitaliletea dawa yake. Hongera kwa mwanao. Huku theluji inayeyuka na Richfield nzima ni tope. Faiza alifaulu ule mtihani, sijui kwa miujiza ya nani. Barua yako ilipofika nilimkalisha nikamweleza ubaya wa ile picha. Akaniangalia. "But you look so happy, Mama. What's wrong with that?"

Unataka udhuru. Nitakueleza safari yote, wewe mwenyewe utafute kama ndani yake mna udhuru.

Bi Lois ana miaka themanini na kitu, nyonga yake ni ya chuma, na hana analolipenda duniani kuliko ndege. Dirishani kwake Saint Louis Park ametundika vibakuli vya mbegu, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla ya dawa zake, ni kuwalisha hao. Alikuwa amejiandikisha kwa safari ya kikundi kidogo, watu wanane na mwongozaji, kwenda Peru, nchi iliyo pwani ya bahari ile nyingine, kusini kabisa. Kuna visiwa vya ndege, na karibu yake jangwa la hifadhi. Daktari akamwambia bila mtu wa kumshika mkono haendi. Mtu wa kumshika mkono ni mimi. Kwa hiyo nilipokuambia kazi sikusema uongo.

Mwongozaji aliitwa Wilmer, mtu mfupi, mcheshi, anajua jina la kila chenye mbawa. Alitupakia kwenye mashua ya mashine asubuhi na kutupa masharti mawili: vaeni kofia, na mkitazama juu fungeni midomo. Tulipofika tukaelewa. Visiwa vile, Barke, si vyeupe kwa jiwe, ni vyeupe kwa mavi. Ndege ni wengi hata usione pa kutia kidole, na harufu yake ukishaivuta mara moja utaionja kwenye chai kesho yake. Wilmer alisema zamani mavi yale yalichimbwa na kuuzwa Ulaya kuwa mbolea, na serikali ya nchi ile ilitajirika kwayo. Nikafikiria kuku wa Mama tuliokuwa tukiwafagilia bure.

Hapo visiwani hakushukwi. Ni marufuku kukanyaga, watu huzungushwa tu, kila mtu akae kitini pake. Nilipenda sharti hilo. Unakwenda mbali kiasi kile ukaone kitu, na ukifika unaambiwa tazama, usiguse, geuza mashua.

Madude meusi uliyoyaona kwenye picha wenyewe wanayaita simba wa bahari. Nimeutafuta usimba wao sikuuona. Yanalala, yanajikuna, yanagombania jiwe wakati mawe yamejaa. Moja lilikuwa limelala chali, tumbo juu, masharubu yanacheza kwa pumzi, na lilipoamshwa na mwenzake likafoka kwa sauti nzito ya mtu aliyekatiziwa usingizi. Nikamwona Mjomba Abdalla, wallahi, barazani kwenu, Ijumaa baada ya biriani. Nikacheka. Bi Lois akaniuliza nini, nikashindwa kueleza, nikazidi kucheka, na mwenzetu mmoja akapiga picha. Ndiyo hiyo.

Ningeweza kukuandikia kwamba ulikuwa upepo, kwamba nilikuwa nikilia na picha imedanganya. Hapana, nilicheka. Wanja pia nilipaka kwa mkono wangu.

Kesho yake tukaenda jangwani kwa gari. Jangwa la huko limepakana na bahari bila hata jani moja katikati, mchanga umefika mpaka kwenye maji. Wilmer alituonyesha vigae vya kombe ndani ya mawe, akasema pale palikuwa bahari kabla ya watu. Ulivuma upepo wa mchanga. Bi Lois akataka kubaki ndani ya gari, akaniambia, "You go, honey. Take your time." Nikashuka, nikapita nyuma ya kilima, nikakaa chini. Huko hakuna picha.

Hiyo ndiyo safari. Msomee Mama mpaka hapa, na habari za nduguye Abdalla usiziruke, huenda zikampunguzia hasira.

Haya yafuatayo ni yako peke yako. Sikuvunja eda, Barke. Sikuwa na eda ya kuvunja.

Saadia


Kibokoni
22 Aprili 2016

Saadia,

Assalaam alaykum. Sote wazima. Bega limepoa, sasa ni meno. Mvua za masika zimeanza na paa la jikoni linavuja pale pale.

Mstari wako wa mwisho niliusoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikausoma tena. Mimi si mwanachuoni lakini hili halitaki chuo. Mwanamke asiye na eda ya mtu aliyekufa, basi hakuwa mkewe. Mliachana, tena kwa muda mrefu kiasi cha kwamba hakuna kilichobaki. Lini? Nani alimwacha mwenziwe? Nimekuwa nikikuita wifi kwenye barua na kwenye dua zangu, nawe unaitika!

Nina hasira na wewe, na nina hasira zaidi na maiti, jambo ambalo naambiwa halifai. Munir aliongea nasi kila Ijumaa. Kila Ijumaa Mama alimuuliza "Mkeo hajambo?" naye akajibu "Hajambo, anawasalimu."

Safari nilimsomea Mama. Kwa Mjomba Abdalla alicheka mpaka akashika ubavu, akaniamuru nirudie. Nikadhani tumepona. Jioni akaniita akaniambia ameghairi. Uje Juni. Ila ukifika uingie chumbani mwake na ukae eda upya, toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, mbele ya macho yake. Macho yenyewe hayaoni hata mlango, lakini ndivyo alivyosema. "Alikosea kwa ujinga wa ugenini," amesema. "Mtoto akikosea hufundishwa, hafukuzwi."

Sasa niambie nifanye nini. Eda ni ibada, haiigizwi. Mtu hakai eda ya mwanamume asiye mumewe ili kumfurahisha mama mkwe. Na miezi minne hiyo kazi yako huko itakungoja? Niruhusu nimwambie ukweli. Neno moja tu, jina lako linasafika, unakuja unalala chumba chako na kurudi zako. Nakungoja useme ndiyo.

Barke


Richfield
8 Mei 2016

Barke,

Assalaam alaykum. Hujui unataka nikuiteje, basi nakuita kwa jina ulilopewa. Faiza mzima. Miti imetoa majani kwa mkupuo, wiki moja tu. Bi Lois anawasalimu, ingawa anaamini Mombasa ni kisiwa cha Hawaii.

Jibu ni hapana. Nakueleza sababu, kwa kuwa umekasirikia maiti na hana wa kumsemea.

Ilikuwa Februari ya mwaka elfu mbili na kumi na nne, theluji haikutaka kukoma. Huku mji ukitangaza dharura ya theluji, gari lililoachwa barabarani upande usioruhusiwa huvutwa likapelekwa yadi ya jiji, na kulitoa ni balaa. Nilitoka kazini nimechoka, nikaliegesha, nikalala. Asubuhi Munir kashuka, gari hakuna, na zamu yake inaanza. Akapanda juu. "Nilikwambia u-move gari! Mara ngapi nimekwambia?" Nami nikamjibu jibu ambalo sitaliandika. Akasema nimekuacha. Akasema tena. Akasema tena. Alikuwa anavaa glavu wakati huo, mkono mmoja bado wazi.

Halafu akakaa kwenye ngazi akaanza kulia.

Tulikwenda kwa sheikh. Mzee yule aliona tulivyo, akamfungulia Munir mlango mpana kabisa. Akamuuliza, "Mwanangu, yale matatu ulikuwa unalikazia neno, au ulikuwa unahesabu?" Unajua fiqhi yetu. Angesema alikuwa analikazia, ni talaka moja, tunarudi nyumbani tukiwa mume na mke. Sheikh alimngoja. Mimi nilimngoja. Kaka yako unamjua, Barke, mtu wa kurudi dukani kurudisha sarafu aliyozidishiwa. Akasema, "Nilikuwa nahesabu."

Basi. Tatu hazina pa kurudia. Akahamia Crystal, mji wa jirani, chumba kimoja na jiko. Alichoniomba ni hicho kimoja tu, Mama asijue. Ami, baba yenu, alipokuwa anakata roho alimshika Munir mkono mbele ya Mama akamwambia, "Saadia ni mwanangu kabla hajawa mkeo. Ukimwacha, umeniacha mimi." Mama alisikia. Munir alisema ataishi na lolote ila si na Mama kulijua hilo. Faiza alijua tangu mwanzo, tukamkataza kusema. Tena anaelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza, na Mama Kiingereza hakimwingii. Siri ikapata mlinzi.

Alipougua nilikuwa nikimpikia kila siku. Faiza anapanda na bakuli, mimi nabaki garini, maana hakuwa wangu tena wa kuingia kwake. Yeye anakuja dirishani na simu. Ananiambia chumvi imezidi, namwambia ulimi wako ndio umezidi. Yule dirishani, mimi chini, mpaka Faiza ashuke na bakuli tupu. Tulikuwa wachumba upya, kwa kweli.

Siku ya mazishi mke wa sheikh alinishika bega kwa upole akaniambia, "Wewe mama huna eda. Unaweza kurudi kazini." Ofisini nikaomba siku za msiba, wakaniambia mume wa zamani si jamaa. Sharia na ofisi wakakubaliana, jambo ambalo si la kila siku. Jumatatu nilikuwa nalisha ndege wa Bi Lois.

Umesema eda haiigizwi. Kweli. Lakini Mama akiniambia kaa, nitakaa. Nitamwambia Bi Lois atafute mtu mwingine. Allah anajua ninachonuia, sitasema ni eda, na wewe usiseme, Mama ataiita apendavyo. Nilitaka kumkalia Munir na hakuna aliyenipa ruhusa. Sasa nimepewa kwa adhabu, nami naipokea. Yeye aliniacha mara tatu, Barke. Mimi sijamwacha hata mara moja.

Mama usimwambie. Nakuapisha.

Saadia


Kibokoni
1 Juni 2016

Saadia,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, Ramadhani iko mlangoni na sukari imepanda bei kama kawaida yake. Meno ya Mama yamepoa. Hakuna kingine kilichoanza kuuma, nami nina wasiwasi.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nilikuwa nimeshaamua kukutii. Nikakaa karibu na Mama kitandani, nikafungua, nikasoma salamu, majani ya miti, Bi Lois na Hawaii yake. Halafu nikageuza, nikageuza tena, nikageuza tena, nikamsomea mwisho, "Saadia anasema atakuja na atakaa." Nikakunja.

Mama akasema, "Karatasi umegeuza mara tatu. Maneno umenisomea ya moja."

Nikamwambia mwandiko wako mkubwa.

"Saadia mwandiko wake mdogo tangu shule, mwalimu alikuwa akimpiga kwa hilo. Soma."

Nikamwambia umeniapisha. Akasema kiapo chako kimepita juu ya kichwa cha mama, na mimi nikitaka radhi yake nisome kuanzia niliporuka. Nisamehe. Nilisoma. Nilisoma yote, hata la glavu, hata la mimi kutojua nataka uniiteje.

Nilipofika kwa sheikh na swali lake nikageuza karatasi. Mama akasema, "Usiniambie. Alisema anahesabu." Nikasema ndiyo. Akapiga paja kwa kiganja. "Mjinga! Mjinga kama babake! Nilimfundisha asiseme uongo, sikumfundisha pa kunyamaza." Kisha akalia, na mimi nikalia, na mwanangu akachungulia mlangoni akakimbia zake. Ya dirishani alitaka niyasome mara mbili. Akauliza ulikuwa ukimpikia nini. Nikamwambia hukuandika.

Wasia wa Baba hakuugusa kabisa. Nilingoja autaje. Nadhani ameuweka pale anapoweka mambo ambayo hayazungumzwi, na mimi sitaenda kumfunulia.

Ikaadhiniwa magharibi, tukaswali. Juu ya mswala bado, akaanza kusema, na alisema polepole kama mtu anayejisemea. Alisema, "Nilipofiwa na mume nilipewa miezi minne na siku kumi. Hakuna aliyenigonga mlango, uji unaletwa, nikamlia nikamaliza. Mwanangu nimemzaa mimi, nimepewa siku tatu. Siku ya nne watu wanataka chai, wanataka nicheke na wajukuu. Na huyu aliyempikia hakupewa hata hiyo moja. Sharia ya Mungu haina kasoro, mimi siisemi. Ila mimi sijamaliza."

Nikamwambia, "Mama, Saadia atakuja. Amekubali eda uliyomwambia, ingawa si yake."

Akanigeukia kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeyazua hayo. "Eda ya nani? Nani kasema eda? Mwambie aje akae na mimi."

Nikamuuliza kwa muda gani.

Akasema, "Mpaka tuchoke."

Barke